Kiti cha Bi Usiguse

Kuna watu kazini wanaoomba cheo, wapo wanaoomba uhamisho, na wapo wanaoomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yuleyule kila mwaka. Bi Usiguse aliomba kiti. Hakuomba kiti cha maana, chenye magurudumu na ngozi kama cha mkuu wa ukumbi. Aliomba kitu cha kukalia tu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulinda picha na vinyago katika ukumbi wa maonyesho wa manispaa, na mlinzi wa ukumbi, kwa maoni ya watu ambao hawajawahi kulinda ukumbi, hutakiwa kusimama.

"Mlinzi akikaa atasinzia," mkuu wa ukumbi alimwambia, akiwa amekaa.

Basi akasimama. Miaka ikapita akiwa amesimama kwenye sakafu ile ya terazo, chini ya feni iliyolia kila ilipomaliza mzunguko, na jioni akifika kwenye vyumba vyake viwili aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akiigombeza kama watoto watukutu. Alikuwa mjane, na hakukuwa na mtu mwingine wa kugombeza. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi ya mshahara. Watoto wa shule walioletwa kutazama vinyago walimwita Bi Usiguse, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolisikia kutoka kwake kutwa nzima. Walimu wao wakalidaka, na mwishowe hata mkuu wa ukumbi. Hakulipenda wala hakulichukia. Alilisema bila kupandisha sauti, na mikono ya watu ilirudi mifukoni yenyewe.

Kiti kilikuja baada ya daktari kuandika kwamba magoti yake yamechakaa. Kilitolewa chumba cha mikutano: cha chuma, chenye egemeo, mto wake wa plastiki umepasuka upande mmoja. Alishona ule mpasuko kwa uzi wa viatu, akakiweka kiti kwenye kona kati ya dirisha na mtungi wa kuzimia moto, mahali ambapo mtu aliweza kuona chumba kizima. Wenzake wakamtania kwamba amepata ubunge. Aliwaacha waseme, maana yeye alikuwa amekaa.

Ndipo akaja msanii.

Alikuwa binti mdogo mwenye rangi kwenye kucha, na hakuleta picha hata moja. Alileta ngazi, brashi na ndoo ya rangi nyeusi. Bi Usiguse alipomwuliza picha ziko wapi, binti alimwambia kwamba picha zenyewe ni maneno. Alikuwa amezunguka maofisini, amekaa kwenye foleni na watu, akakusanya yanayosemwa pale madirishani: yale wananchi waliyoambiwa, yale waliyojibu, na yale waliyoyameza wakaenda nayo nyumbani. Sasa angeyaandika ukutani bila majina, kila sentensi kwenye kimo cha kinywa cha aliyeisema. Karibu na mlango, juu, aliandika RUDI KESHO. Chini yake kidogo, AFISA AMETOKA. Mbele ya hapo, HUYU NI MWANANGU, SI FAILI. Na chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima lazima achuchumae ndipo asome, TUTAENDA NYUMBANI SAA NGAPI.

Bi Usiguse, kusema kweli, aliona hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi. Maneno kama hayo aliyapata bure kila alipokwenda kufuatilia jambo. Lakini binti alikuwa na adabu, alimwita Mama, alifagia vumbi lake mwenyewe, na siku moja wakinywa chai akamwuliza kama naye hana lake.

"Langu sikulisema," Bi Usiguse akajibu. "Nililimeza."

"Lilikuwa linasemaje?"

Akamwambia. Alilisema kama mtu aliyeulizwa saa, kisha akaenda kufunga madirisha.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mama yake alibanwa na kifua, yeye na kaka yake mkubwa wakampeleka hospitali asubuhi na mapema, wakamkalisha kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa daktari. Wakaambiwa wasubiri. Bi Usiguse alitaka kuugonga ule mlango, kaka akamzuia: tusifanye fujo, tusubiri zamu kama watu wengine. Mama mwenyewe akasema, "Tutasubiri." Zamu yao ilipofika mama alikuwa ameegemea mbao za benchi na hakuitika. Hata machela nayo ilichelewa, ikamkuta jua limeshahamia upande wa pili wa jengo, yeye bado ameegemea palepale, na dirishani muuguzi anauliza nani anafuata.

Asubuhi yake msanii alikuja kumwomba ruhusa ya kuliandika. Bi Usiguse alikaa nalo mpaka adhuhuri, halafu akakubali, kwa sharti kwamba asitajwe. Binti alipouliza liandikwe kimo gani, Bi Usiguse alikaa kwenye kiti chake, akanyooka, akasema, "Hapa." Ndiyo maana liliandikwa kwenye kona ile, mstari chini ya mstari, jembamba, likimtosha mtu aliyekaa: MAMA YANGU, kisha ALIFIA KWENYE, kisha BENCHI LENU.

Ukumbi ni mali ya serikali, kwa hiyo kabla ya ufunguzi alikuja mkaguzi kutoka wizarani, mtu mwenye shati lililonyooka na tabia ya kusoma akichezesha midomo. Alipita ukuta kwa ukuta. Kwenye RUDI KESHO alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho, akasema hata yeye ameshaambiwa hivyo, tena na watu wa wizara yake. Ile ya faili aliipenda. Alipofika kwenye kona, kicheko kikakatika.

"Benchi lenu," akasema. "Lenu nani?"

"La wale waliomwambia asubiri," msanii akajibu.

"Hapo unamnyooshea mtu kidole. Andika 'benchi la hospitali'. Au 'benchi' tu, inatosha. Halafu, kwani huyu mama ni lazima afe? Si angeweza kuugua?"

Bi Usiguse alikuwa amesimama pembeni na funguo mkononi. Damu ilimpanda kichwani. Hapa kuna mtu anataka mama yake, ambaye ameshazikwa na majani yameshaota, apunguziwe kifo kiwe ugonjwa, ili wizara ilale usingizi mzuri. Aliutazama mtungi wa kuzimia moto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Msanii alikataa kubadili hata nukta. Basi lifutwe, mkaguzi akasema, na hapo ndipo upuuzi ulipoanza rasmi. Rangi nyeupe ilikuwa stoo, stoo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya kuhesabu mali, na mwenye ufunguo alikuwa semina. Mkuu wa ukumbi akapendekeza pazia. Mkaguzi akasema watu wakiona pazia watataka kufunua. Ubao je? Watu wakiona ubao watasema serikali imefungia maneno, na serikali haijafungia neno lolote. Yeye mwenyewe amekuja kuhakikisha hilo. Kinachotakiwa, akasema, ni kitu cha kawaida, kitu ambacho siku zote kipo hapo na hakuna anayekishangaa.

Macho yake yakatua kwenye kiti, kisha kwa mwenye kiti.

"Mama, hebu kaa. Sogea kushoto. Kidogo. Hapo hapo." Alirudi nyuma, akafumba jicho moja. "Umeenea."

Bi Usiguse alikuwa mwanamke mpana na hakuwahi kuuonea haya upana wake, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuuona ukiidhinishwa na wizara. Ilibaki MAMA YANGU tu ikichungulia juu ya kichwa chake.

"Kesho ufunge kilemba," mkaguzi akasema. "Kikubwa kidogo."

"Na ukiinuka watu wakiwemo humu," mkuu wa ukumbi akaongeza, akitazama viatu vyake, "hicho kiti kinarudi kilikotoka. Na wewe sijui utakwenda wapi, mama, na hayo magoti."

Hawakujua maneno ni ya nani. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Wangejua wangekuwa wakatili, naye angewachukia kwa raha zake. Lakini hawakujua, walikuwa wapuuzi tu, na mpuuzi hata ukimchukia huridhiki.

Basi maonyesho yakafunguliwa Bi Usiguse akiwa amekaa, kilemba kichwani kama amekwenda harusini. Mgeni rasmi alimpungia mkono. Akitaka kwenda msalani ilibidi mkuu wa ukumbi ashike zamu, na kwa kuwa alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, aliubeba mtungi wa kuzimia moto kifuani na kujifanya anasoma maelekezo yake. Aliyasoma mara nyingi kiasi kwamba jengo lile lingeungua, yeye angekuwa mtu wa mwisho kupotea.

Jambo kama hilo halifichiki. Ukimwona mtu mzima na tai yake amekumbatia mtungi wa moto ukutani, unajua nyuma yake kuna kitu. Watu wakaanza kupiga picha. Wakaacha kusoma kuta, wakawa wanakuja moja kwa moja kwenye kona.

"Samahani mama, naomba usogee kidogo."

"Usiguse."

"Sijagusa. Nimeomba usogee."

"Usiguse."

Kijana mmoja alimweleza mwenzake, mbele yake kabisa, kama mtu anayeeleza kabati, kwamba huyo mama ndiye sanaa yenyewe, na kwamba anawakilisha dola. "Hebu angalia anavyokasirika. Kafanya mazoezi huyu." Bi Usiguse, ambaye hata kwenye vikao vya ukoo hakuwahi kuwakilisha mtu, alimkazia macho mpaka akahamia ukuta mwingine.

Msanii naye hakusaidia. Alikuja macho yanang'aa.

"Mama, hii imekuwa kubwa kuliko nilivyopanga. Aliyeyameza maneno na anayelazimishwa kuyaficha ni mtu huyohuyo. Niruhusu nibandike kikaratasi hapo pembeni, kieleze."

"Binti, mimi si kazi yako. Mimi niko kazini kwangu."

"Najua, Mama, lakini..."

"Mgongo unaniuma, msalani nakwenda kwa kibali, na nimekalia kifo cha mama yangu kama kuku anayeatamia. Ukibandika kikaratasi nitakitafuna mbele yako."

Binti akaomba radhi, akasema Mama akitaka, yeye atakwenda kulifuta mwenyewe kwa kucha zake. Alimaanisha kweli, lakini macho hayakuacha kung'aa.

Kaka mkubwa alikuja saa ya chakula cha mchana, simu mkononi. Alikuwa karani wa siku nyingi serikalini, mtu anayefunga kifungo cha shingoni hata kwenye joto, na picha ya dada yake alikuwa ameonyeshwa na tarishi wa ofisini kwake. Hilo peke yake lilitosha kumwaibisha. Akauliza kwa sauti ya chini amekalia nini. Chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo Bi Usiguse akainama mbele, amwache asome.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Tulikubaliana," akasema.

Ni kweli walikubaliana. Siku ileile ya kifo, kabla ndugu hawajafika, kaka alikuwa ameshapanga maneno: mama amefia wodini, kitandani, daktari amemshika mkono. Ndivyo ilivyosemwa msibani kwa kila mtu, na zaidi kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye alimpenda dada yake kuliko alivyopenda watoto wake wa kuzaa. Bi Usiguse aliikariri habari ile ya kitanda na daktari mpaka ikamtoka bila kigugumizi. Tangu hapo yeye na kaka walionana, walikula pamoja, waliulizana hali, na jambo lile hawakuligusa tena.

"Halina jina," Bi Usiguse akasema.

"Mama gani mwingine alifia kwenye benchi na bintiye anafanya kazi hapa? Watu si wajinga. Unamwaga mchele kwenye kuku wengi, dada yangu. Mama mdogo likimfikia hili atamfuata mwenzake."

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

Kaka alikitazama kiti. "Afadhali wamekuweka wewe hapo. Kaa. Nakuomba, usiinuke."

Basi maji yakamfika shingoni. Serikali inamwambia kaa, kaka anamwambia kaa, na msanii anataka kumbandikia kikaratasi. Aliomba kiti apumzishe magoti. Hakuomba kufanywa kifuniko. Alitaka kumwambia kaka maneno fulani, lakini wageni wakaingia, akarudisha mgongo kwenye egemeo, naye kaka akaondoka na miwani yake mkononi.

Kesho yake akaingia mzee mmoja mwenye mkongojo. Chumba chote kilikuwa na kiti kimoja. Mzee alitazama huku na huku, kisha akamtazama Bi Usiguse, akangoja, kama mtu yeyote wa umri wake angengoja. Mkaguzi alifikiria pazia, akafikiria ubao, akafikiria mpaka kilemba, ila halikumpitia kichwani kwamba mtu aliyelelewa hawezi kuendelea kukaa mbele ya mzee aliyesimama. Mlangoni, mkuu wa ukumbi alionyesha kiganja: tulia hapo. Bi Usiguse akatazama sakafu.

"Haidhuru, mwanangu," mzee akasema. Akajiegemeza dirishani kidogo, halafu akaondoka bila kumaliza kuta.

Jioni ile hakula. Alijaribu kukasirika, na hasira zilikuwa tele, lakini aibu ilizizidi. Miguu haikuvimba, kwa kuwa alikuwa amekaa kutwa, na hilo nalo likamwudhi.

Wiki haikuisha, akaja mama mdogo. Wajukuu walikuwa wamemwonyesha picha, naye akataka kujua ni nani anayemfanya mtoto wa dada yake achekwe kwenye simu. Alikuwa amepanda ngazi zote za mbele, mkono mmoja ukutani na mwingine kiunoni, mwanamke mdogo, mkavu, ambaye kila mwaka ulimpunguza kidogo. Alifika kwenye kona akihema. Chumba kilikuwa na watu.

"Shikamoo, Mama."

Mama mdogo alikitazama kiti kwanza. "Siku hizi mnatuamkia mmekaa?"

"Nisamehe, Mama. Ni kazi."

"Marahaba. Kuna kiti kingine?"

"Hakuna."

Magoti ya mama mdogo yalikuwa yanatetemeka chini ya nguo. Bi Usiguse aliyaona vizuri, kwa sababu yalikuwa mbele ya macho yake. Kule mlangoni mkuu wa ukumbi alikuwa ameshainua kiganja.

"Haya," mama mdogo akasema. "Nitasubiri."

Alilisema kwa sauti ya dada yake. Sauti zao zilifanana tangu utotoni, hata watu wa nyumbani walizichanganya. Bi Usiguse akainuka. Hakuwa amepanga kuinuka; alisikia tu magoti yake yakilia, na mkono wake umeshamshika mama mdogo kwenye kiwiko, unamkalisha taratibu kwenye ule mto alioushona mwenyewe.

Mama mdogo hakujaza hata nusu ya egemeo. Maneno yote yakawa nje, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na watu waliokuwa wametawanyika chumbani wakaacha walichokuwa wakifanya. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alisoma kwa sauti ya chini, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Mkuu wa ukumbi alikuja mbio. Akafika, akafungua mdomo aseme ondoka hapo, akakutana na uso wa mama mtu mzima.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, baba. Ulitaka kukaa?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Mkuu wa ukumbi akaenda kumpigia simu mkaguzi.

"Wanatazama nini nyuma yangu?" mama mdogo akauliza. Shingo yake haikugeuka vizuri, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. "Nisomee."

Bi Usiguse angeweza kumsomea RUDI KESHO. Wazo hilo lilimjia, hilo halikanushiki. Badala yake alipiga magoti mbele ya kiti, yale magoti yenye cheti cha daktari, akasema maneno yale kama yalivyoandikwa, bila kupunguza. Kisha akangoja mama mdogo aanguke, kama kaka alivyosema ataanguka.

Mama mdogo alikuwa anatazama mikono yake.

"Najua," akasema. "Nani alimwosha, si mimi? Mgongo wake ulikuwa na alama za mbao, ubao kwa ubao, unazifuata kwa kidole. Kitanda gani cha wodini kinamwandika mtu hivyo?"

"Mbona hukusema?"

"Mlikuja wawili na habari yenu ya daktari, mmeipanga vizuri, kaka yako midomo inamcheza. Nikaona watoto wamepata kitu cha kushika. Niwanyang'anye?" Akavuta pumzi. "Nimekaa na zile alama peke yangu siku zote hizi. Nimechoka nazo, mwanangu."

Bi Usiguse akalia hapohapo sakafuni, mbele ya wageni na simu zao, na hata katika kulia alikuwa amekasirika. Watu watatu wa damu moja walikuwa wamefungiana maneno miaka yote hiyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na hakuna wizara iliyowatuma.

Mkaguzi alipofika na shati lake, watu walikuwa wamejipanga mstari. Hakusalimia. Alitembea hadi kwenye kona, akanyoosha mkono alishike egemeo la kiti, akisema kwa sauti ya upole wa kiofisi, "Tunakisogeza tu, bibi, wewe endelea kukaa."

"Usiguse," Bi Usiguse akasema.

Alikuwa ameshasimama. Hakupandisha sauti. Lilikuwa neno lake la kila siku, na mkono wa mkaguzi ulirudi mfukoni kabla mwenyewe hajaamua. Mama mdogo akakaa pale mpaka ukumbi unafungwa, akiomba maji mara moja tu, na watu wakapita mmoja mmoja mbele yake wakisoma.

Kesho yake stoo ilifunguka. Mwenye ufunguo alikuwa amerudi ghafla kutoka semina, rangi nyeupe ikapatikana, tena ndoo nzima, na kona ikapakwa hadi ikang'aa kuliko ukuta wote. Kiti kilirudishwa chumba cha mikutano, ambako hakuna anayekikalia. Bi Usiguse hakufukuzwa. Mkuu wa ukumbi alieleza wizarani kwamba mlinzi aliinuka kwa sababu za kiafya, na huo ndio ujasiri wote aliokuwa nao, tusimwonee. Miguu ikaanza tena kuvimba. Kila mgeni aliyeingia alikwenda moja kwa moja kwenye ule weupe kumwuliza palikuwa na nini, naye akawa anawaambia, mmoja baada ya mwingine, kutwa. Akichoka kujibu alijibu hivyohivyo amechoka.

Siku ya mwisho ya maonyesho, kaka aliingia mlangoni amebeba kiti. Kilikuwa kiti cha mbao cha mezani kwake, kile alichokalia yeye na si mtu mwingine. Alipita nacho mbele ya mkuu wa ukumbi bila kuomba ruhusa, yeye ambaye huomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Mama mdogo alikuwa amekwenda kuzungumza naye, na macho ya kaka yalionyesha kwamba mazungumzo hayakuwa mafupi. Akakitua kiti kwenye kona.

"Kaa," akamwambia dada yake.

"Mlinzi haruhusiwi kukaa. Wamerudia kusema."

Kaka akafikiri. Akafungua kifungo cha shingoni, akakaa yeye. Alikaa amenyooka, mikono magotini, mgongo umeelekea ule weupe, kama mtu anayengoja kuitwa.

Akaja baba mmoja na binti yake, wakasimama mbele yao. "Samahani, mama," yule baba akamwambia Bi Usiguse, "eti hapa palikuwa pameandikwa nini?"

Bi Usiguse akafungua mdomo, lakini kaka akamtangulia.

"Mama yetu alifia kwenye benchi," akasema, akitazama mbele. "Alikuwa amekaa hivi. Huyu dada yangu alitaka kugonga mlango. Mimi ndiye niliyesema tusubiri."